Miwa ya Mahale: Jinsi Sokwe Walivyozoeshwa

Muuza mananasi wa Kariakoo hukukatia kipande uonje. Ukionja umesimama, na ukisimama anapata nafasi ya kukusoma: una haraka, una mtoto, unanunua au unapita. Kwa mbinu hiyohiyo mtafiti wa Kijapani aliwasoma sokwe wa Milima ya Mahale. Kufika huko kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250 za Reli ya Kati hadi Kigoma, kisha boti kuelekea kusini kwenye Ziwa Tanganyika.

Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi Kasoge, chini ya milima hiyo, mwaka 1965. Kikwazo chake kilikuwa kimoja: sokwe wakimwona mtu hutokomea, na kwenye msitu mzito uliopanda miteremko kuelekea kilele cha Nkungwe, mita 2,462, huwezi kuwakimbiza. Lakini sokwe hao walikuwa na uroho unaojulikana. Waliingia mashambani mwa Watongwe, wenyeji wa eneo hilo, kuiba miwa. Nishida naye akapanda miwa, akangoja. Mwaka 1966 kundi alilolipa jina la K likaanza kuja kula, na baadaye likafuata kundi M.

Faida kubwa ya shamba lile ilikuwa hesabu. Msituni sokwe huonekana wawili hapa, watano pale, na kesho wamechanganyika upya. Ilikuwa rahisi kudhani hawana jamii yenye mipaka. Kwenye miwa, sura zilezile zilirudi, zikapewa majina, zikaorodheshwa. Mwaka 1968 Nishida akachapisha alichokiona: vikosi hivyo vidogo ni vipande vya kundi moja lenye wanachama wake. K na M hawakuchangamana. M wakikaribia, K walijiondoa. Waliovuka mpaka huo walikuwa majike, wanaohama kwao wakishapevuka.

Chambo kilikuwa na gharama. Chakula kikilundikwa mahali pamoja, wanyama ambao wangetawanyika hukutana, hugombana na kuambukizana. Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960, ndizi zilileta ugomvi wa namna hiyo. Tena mtafiti hubaki na shaka: tabia anayoiandika imeletwa na msitu au na miwa yake? Mahale ulishaji ulikomeshwa mwaka 1987.

Kilichobaki ni miguu, na macho ya wafuatiliaji wa Kitongwe wanaosoma nyayo na makombo ya matunda. Novemba mwaka huohuo mtafiti Michael Huffman na mfuatiliaji wa Kitongwe, Mohamedi Seifu Kalunde, walimfuata jike aitwaye Chausiku, aliyekuwa mgonjwa. Walimwona akimenya shina la mti mchungu, Vernonia amygdalina, akatafuna kiini chake na kumeza maji yake. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Kalunde aliutambua mti ule: Watongwe huutumia kama dawa. Mtafiti aliyeketi kando ya shamba la miwa asingeliona tukio hilo, na asiyejua dawa za Kitongwe angeliona bila kulielewa.

Hapo ndipo penye deni. Katika miaka ya 1970 Watongwe waliokuwa wakiishi na kulima Kasoge walihamishwa, na mwaka 1985 eneo la kilomita za mraba 1,613 likatangazwa Hifadhi ya Taifa. Mashamba yakarudi kuwa msitu. Ujuzi uliowafungulia watafiti njia ulitoka kwa watu ambao makazi yao yaliondolewa.

Mafanikio ya kuzoesha nayo yalileta hatari yake. Sokwe asiyemwogopa mtu humruhusu akaribie kiasi cha kumwambukiza. Mwaka 2006 ugonjwa wa mfumo wa hewa ulilipiga kundi M, na sokwe 12 wakafa au kutoweka. Leo wageni huenda kwa miguu, wasiozidi sita kwa kundi, wakiwa na barakoa, umbali wa mita 10, kwa saa moja. Miaka ya mwanzo juhudi zote zilikuwa za kupunguza umbali. Sasa kazi ya mwongozaji ni kuulinda. Kwa hiyo msafiri wa Dar aliyeamka na mafua hubaki kambini, hata kama safari ameshailipia.