"Kijibwa" si "Kilebu"

Baadhi ya wafasiri wa maelezo ya ufugaji hulitumia neno "kijibwa" kwa maana mbili: mbwa wa mbegu yenye umbo dogo, na mtoto wa mbwa. Kosa hili si jepesi. Kwa kawaida mbwa wa mbegu ndogo huzaa watoto wachache kuliko wa mbegu kubwa, na watoto hao hukomaa mapema zaidi. Basi mfugaji wa Kibeta, Bukoba, akisoma kwamba "kijibwa hukomaa mapema", aweza kumpunguzia chakula mtoto wa mbwa mkubwa angali akikua. Kiambishi "kiji-" hudogosha au hudunisha; hakitaji umri. Neno la umri tunalo: kilebu. Na vilebu waliozaliwa pamoja tuwaite uzao mmoja.