Mkono Unaochapa Katikati

Anayeanza kusikiliza ska huvutwa kwanza na matarumbeta. Si kosa lake, yanapulizwa ili yavute. Namshauri ayaache kidogo, apige mguu chini, moja, mbili, tatu, nne, halafu alitafute gitaa. Mguu ukigusa sakafu halipo. Mguu ukiinuka, ndilo hilo: cha! Fupi, kavu, limezimwa kabla halijalia vizuri. Mkono wa kulia unachapa nyuzi, vidole vya kushoto vinalegea papo hapo ili sauti isiburuzike. Ni hivyo mwanzo wa wimbo hadi mwisho, bila kukimbia wala kuchelewa. Wapenzi wa dansi wanaelewa: mpiga solo hutuzwa, wa ridhimu hata jina halijulikani. Katika bendi ya The Skatalites kazi hiyo ilikuwa ya Jah Jerry Haynes. Mtoe yeye, hao wapulizaji wanabaki na jazi yao.

Ska ni muziki wa Kingston, Jamaika. Miaka ya 1950 wenye disko za mitaani, akina Coxsone Dodd na Duke Reid, walishindana kwa santuri za ridhimu na bluzi kutoka Marekani. Ladha ya Wamarekani ilipogeukia rokenroli, santuri zile zikaadimika, basi wakaanza kurekodi wenyewe. Wapulizaji hawakuwa haba. Wengi walifundwa Alpha, shule ya wavulana iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Don Drummond alitoka huko, na tromboni yake inahuzunisha hata wimbo ukiwa wa kurukaruka. The Skatalites waliungana 1964, wakavunjika 1965. Muda mfupi hivyo, na bado ndio kipimo.

Kufikia 1966 mdundo ulipoa ukawa roksteadi, kisha rege. Mwaka 1979 vijana weusi na weupe wa Coventry, Uingereza, waliirudisha ska kwa pupa ya panki. Wamarekani wa miaka ya 1990 wakaongeza magitaa ya kelele. Hao mimi huwasikiliza nikifagia nyumba.

Ukitaka kuonja tofauti kwa wimbo mmoja, tafuta “A Message to You, Rudy”: kwanza wa Dandy Livingstone, 1967, halafu wa The Specials, bendi ya hao vijana wa Coventry, 1979. Tromboni unayoisikia kote kuwili ni ya mtu yuleyule, Rico Rodriguez, naye kijana wa Alpha.