Nani Analipia Nguzo? Kuisoma Germinal kwa Mara ya Pili

Nimeimaliza Germinal kwa mara ya pili wiki iliyopita, na safari hii nimeudhika na kurasa zilezile ambazo zamani zilinitoa machozi. Ngoja nieleze.

Kwa ambao hawajaisoma: ni riwaya ya Émile Zola ya mwaka 1885 kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa. Zola hakuitunga mezani tu. Februari 1884 alikwenda Anzin wakati wachimbaji wamegoma, akaongea na watu, akashuka mgodini kwa miguu yake. Ndani ya riwaya, kijana Étienne anafika Montsou hana kazi, anapata kibarua mgodi wa Voreux, anakaa na ukoo wa Maheu, mgomo unazuka, askari wanafyatua risasi, na mwishowe maji yanaufunika mgodi. Ukiwauliza walioisoma, wengi watakusimulia umati unaodai mkate, au yule farasi Bataille anayekimbia gizani huku maji yanamfukuza. Mimi siku hizi nakumbuka nguzo.

Katika sehemu ya kwanza injinia Négrel anashuka kukagua kazi ya Maheu na wenzake. Anaona nguzo za kushikilia paa la mwamba zimewekwa ovyo ovyo, anafoka, anawapiga faini ya faranga 3. Tena anawaambia bila haya kwamba wakipondwa vichwa, mzigo utakuwa wa Kampuni, maana ndiyo itakayolipa pensheni zao au za wake zao. Maheu anajibu kwamba wangelipwa vizuri, nguzo zingekaa vizuri. Na hapo ndipo kila kitu kilipo. Wachimbaji wanalipwa kwa kigari cha makaa. Saa unayosimamisha nguzo ni saa ambayo hujajaza kigari. Kwa hiyo usalama wako unaununua mwenyewe, kwa chakula cha watoto wako.

Sasa angalia Kampuni inavyolijibu tatizo. Inabandika tangazo: kuanzia sasa kazi ya nguzo italipwa kando, ili ifanywe kwa uangalifu. Ukilisoma haraka utasema, jamani, si ndicho walichokitaka? Ila kigari kinashuka kutoka sentimu 50 hadi 40, na wachimbaji wakipiga hesabu wanaona malipo ya nguzo hayafikii walichokatwa. Yaani mshahara umepunguzwa kwa jina la usalama. Sijasoma riwaya nyingine iliyoliona jambo hili kwa macho makavu namna hiyo. Zola hamfanyi Négrel kuwa shetani. Alichokisema kuhusu nguzo ni kweli tupu, kwamba zimewekwa vibaya na kwamba zitaua. Ubaya umo kwenye hesabu, na hesabu haina uso wa kuuchukia.

Na paa linaanguka kweli. Mtu mmoja, Chicot, anakufa, na mtoto Jeanlin anavunjika miguu yote miwili. Halafu gari linaingia mtaani na wanawake wanatoka milangoni, kila mmoja anataka kujua litasimama kwa nani.

Hapa lazima niseme ninakotokea. Nimekulia Geita, na mjomba wangu alikuwa mchimbaji mdogo kwenye duara moja la dhahabu. Nguzo hizo sisi tunaziita matimba. Mwenye duara analeta chakula na vifaa, wachimbaji wanagawana mifuko ya mawe yakishatoka. Hakuna mfuko, hakuna pesa. Mjomba alifukiwa na kifusi hadi kiunoni, akatolewa mzima, lakini mguu wake wa kushoto haukurudi kama zamani. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, "Mjomba, kwani hamkuona matimba yameoza?" Akanijibu, "Tuliona, mjomba. Ila siku ya matimba haina mfuko." Nilikuja kuisoma Germinal miaka mingi baadaye, nikafika kwa Maheu na Négrel, nikakifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Basi, kilichoniudhi ni nini? Ni mwisho. Baada ya kutuonyesha kwa subira kifo kinavyotengenezwa kwenye daftari la mishahara, Zola anamleta Souvarine, mwanaharakati wa Kirusi, ashuke usiku na msumeno akate mbao zinazozuia maji kwenye shimo la mgodi. Mgodi unazama. Zimeandikwa kwa nguvu kubwa kurasa hizo, sibishi. Lakini vifo vilivyo vingi kuliko vyote humo ndani sasa vina mtu wa kunyooshewa kidole, na mtu huyo si wa Kampuni. Msomaji anapumua, amempata mbaya wake. Lile tangazo la sentimu 10 limeshasahaulika.

Wapo watakaosema riwaya inahitaji kilele, na nguzo iliyooza haitoshi kuwa kilele. Labda. Ila Zola mwenyewe anajua namna nyingine. Mtazame mzee Bonnemort, aliyeingia mgodini akiwa hajafikisha miaka 8, akatolewa humo mara tatu nusura afe, na sasa ana miaka 58, anatema makohozi meusi. Hataki kustaafu, anangoja miaka miwili zaidi apate pensheni ya faranga 180 badala ya 150. Hapo hakuna msumeno wala mafuriko, na bado ndiye anayenitisha kuliko wote.

Zola alifariki mwaka 1902, na ujumbe wa wachimbaji ulifuata jeneza lake Paris wakiita jina la riwaya hii. Machi 10, 1906, mlipuko katika migodi ya Courrières, eneo lilelile la makaa la kaskazini, uliua watu 1,099. Siku chache kabla, moto ulikuwa umeonekana chini katika shimo mojawapo. Ulizibwa kwa kuta, kazi zikaendelea. Baada ya siku 20 watu 13 walijitokeza wenyewe wakiwa hai, wakati utafutaji ulikwisha kuachwa. Hakukuwa na Souvarine Courrières.

Nilimsimulia mjomba hadithi yote, jioni, yeye akimenya mihogo. Mafuriko hayakumshangaza, na farasi alimsikitikia kidogo. Alichouliza ni kama zile sentimu 10 walirudishiwa. Nikamwambia walirudi kazini wameshindwa. Akasema basi hata matimba hawakuweka, akaendelea kumenya.