Injini Baridi au Majira ya Baridi? Uhakiki wa Istilahi za Lori la Dizeli

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno machache yatumikayo kueleza hitilafu moja iliyozoeleka. Lori la dizeli limelala nje usiku kucha. Asubuhi linawaka, lakini linatetemeka, mngurumo wake unakatikakatika, na moshi mweupe unatoka kwa dakika kadhaa kabla ya kutulia. Kwa fundi mzoefu jambo hili si geni. Kwa mfasiri, mwalimu wa ufundi na mtumishi anayeandika ripoti ya matengenezo, ni mtihani. Kila neno wanalochagua huelekeza spana kwenye kifaa fulani, na neno likipotoka, fedha za mwenye gari au za umma hupotea pamoja nalo.

Mfano wetu ni Bugene, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Huko ni nyanda za juu, na alfajiri huwa na ubaridi na ukungu. Malori yanayobeba kahawa, ndizi na maharage hulazimika kuwashwa mapema ili yateremke Kyaka na kuendelea Bukoba. Hitilafu tunayoizungumzia hujitokeza saa hiyo hiyo.

Tuanze na neno “baridi”. Vitabu vya magari vitokavyo Ulaya na Japani huwa na maelezo juu ya kuwasha injini iliyo baridi. Mfasiri mwenye haraka huandika “kuwasha injini wakati wa baridi”, na papo hapo maana imehama. Baridi inayotajwa ni ya injini, wala si ya majira. Injini iliyozimwa tangu jana imepoteza joto lake, na chuma chake kina joto lile lile la hewa iliyoizunguka. Kwa maana hiyo, hata lori lililolala Dar es Salaam mwezi wa Januari ni baridi alfajiri. Katika nchi za theluji dizeli yenyewe huweza kufanya chembe za nta na kuziba chujio. Asubuhi za Bugene hazina barafu. Kumwelekeza fundi wa huko aanze kwa kuyeyusha mafuta ni kumtibu mgonjwa wa nchi nyingine.

Hapa yafaa tukumbuke jinsi injini hii ifanyavyo kazi. Injini ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897 haina cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, kisha dizeli hunyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Chuma kikiwa baridi hunyang’anya hewa sehemu ya joto hilo. Silinda iliyochakaa ringi, au yenye nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, ndiyo hushindwa kwanza. Mafuta yasiyoungua hutoka kama moshi mweupe wenye harufu ya dizeli. Kwa hiyo mwandishi asiuite moshi huo “mvuke”: mvuke hutokana na maji, na huenda ukawa dalili ya maji ya kupoozea kuingia ndani ya silinda. Hayo ni maradhi mawili, na gharama zake hazilingani.

Neno la pili ni “plagi”. Katika lugha ya gereji neno hili hubeba kifaa cha cheche cha injini ya petroli, na pia kifaa kinachopasha joto chumba cha mwako katika baadhi ya injini za dizeli. Agizo la “kagua plagi” humwacha mwanafunzi njia panda. Tunapendekeza “plagi ya cheche” na “plagi ya joto”. Tena malori mengi makubwa hayana plagi ya joto kabisa. Hutegemea mgandamizo peke yake, na mengine huwa na kipasha hewa kwenye njia ya kuingizia hewa. Mfasiri hana budi kujua kitabu chake kinahusu injini ya namna gani kabla ya kuliandika neno hilo.

La tatu ni “kumisi”. Neno hili limeenea, nasi hatuna ugomvi na asili yake ya kigeni. Ugomvi wetu ni kwamba limebeba mzigo mkubwa mno. Dereva husema injini inamisi silinda moja inapokosa kuwaka, mizunguko inapopanda na kushuka, hata gari linapoishiwa nguvu mlimani. Kwa matumizi ya kitabu yafaa tutenganishe: “kukosa mwako” iwe ya silinda isiyowaka, “kuyumba kwa mizunguko” iwe ya injini inayopanda na kushuka, “mtetemo” ubaki kuwa dalili ionekanayo, pasipo kutaja chanzo.

Utengano huo una faida karakanani. Katika injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza kwa zamu nati ya bomba la kila nozeli injini ikiwa inanguruma. Akilegeza moja na mngurumo usibadilike, basi silinda hiyo ndiyo iliyokosa mwako. Lakini katika injini mpya ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la pamoja, kanieneo ya mafuta huweza kupita mara 1,000 ile ya angahewa, na mchirizi wake hutoboa ngozi. Huko nati hailegezwi kamwe injini ikiwaka. Kitabu kinachosema “legeza nati” bila kutaja aina ya injini chaweza kumjeruhi mtu.

Neno la nne linahitaji utetezi. Mafundi husema “kutoa upepo” kwa maana ya kuondoa hewa iliyonaswa katika mabomba ya dizeli. Wako wanaosahihisha wakisema upepo ni hewa inayokwenda, hivyo iandikwe “kutoa hewa”. Sisi twaona fundi ana haki. Injini huhitaji hewa ili iwake. Hewa kuingia katika silinda ni uzima. Upepo kuingia katika mabomba ni ugonjwa, na dalili yake ni injini kuwaka, kuyumba na kuzimika, mpaka pampu ya mkono ipigwe. Maneno mawili kwa mambo mawili ni utajiri, na si kosa la kufutwa.

La mwisho ni “sailensi”, yaani mngurumo wa injini isiyokanyagwa mafuta wala kubeba mzigo. Afuataye kamusi neno kwa neno atapata “injini vivu”, maneno yasiyoeleza lolote. “Mwendo mtupu”, kama wasemavyo Wajerumani, humfanya dereva afikirie lori lisilo na shehena. “Mzunguko tuli” hugongana na “umeme tuli” wa fizikia, ambao maana yake ni kutokwenda. Tunaona afadhali “sailensi” ikubaliwe, mradi “sailensa” ya bomba la moshi iitwe “kipunguza mlio”. Maneno yanayotofautiana kwa irabu moja ya mwisho hayafai kukaa katika kitabu kimoja.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusikilize gereji kiasi hiki. Jibu liko karibu na Bugene penyewe. Neno “ngeli”, ambalo kila mwalimu wa sarufi hulitumia, lilichukuliwa kutoka Kihaya, na leo hakuna anayeliona geni. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, halikukusudiwa kutunga maneno mbali na wanaoyatumia. Kazi ya msanifishaji ni kuyapokea, kuyapima na kuyatenganisha pale yanapogongana.

Kwa hiyo, badala ya kuandika “Gari linamisi wakati wa baridi, kagua plagi”, mtumishi na aandike: “Injini ikiwashwa ikiwa baridi, silinda moja hukosa mwako katika sailensi na kutoa moshi mweupe, zikaguliwe plagi za joto kama zipo, nozeli, mgandamizo, na upepo katika mabomba.” Sentensi hiyo ni ndefu zaidi, lakini fundi akiipokea atajua pa kuanzia, na mhasibu atajua ni kifaa gani kinachoombewa fedha.