Kazimoto hakuulizwa kama analala

Kichwamaji nilikisoma chuoni. Mhadhiri akasema udhanaishi, nikaandika udhanaishi, nikapata maksi.

Mwaka huu nimekirudia hapa Kaaleng, baada ya miezi ambayo kuamka tu ilikuwa kazi. Safari hii nimeona mtu anayeumwa. Kezilahabi alimwandika Kazimoto mwaka 1974. Anampoteza dada yake, Rukia, na watu wanabishana naye kuhusu Mungu na maana ya maisha. Nani anamuuliza kama analala? Kama amekula? Wahakiki nao humsifu kwa kufikiri sana, kana kwamba mawazo yanayokurudia saa tisa usiku ni falsafa. (Yangu hayakuwa, niamini.)

Riwaya bado naipenda. Ila inamwacha peke yake na kichwa chake mpaka anajiua, na sisi wasomaji tunaona ilikuwa lazima iwe hivyo. Lazima gani?

Mimi binamu yangu aliniuliza, “Wewe, kwani unalala kweli?” Tukapanda gari hadi Lodwar, hospitalini. Mhudumu akaniuliza kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, chakula, kujiona mzigo. Maswali tisa. Hakuna hata moja lililomhusu Mungu.