Mshipa wa Kupandikiza katika Upasuaji wa Mchepuko wa Moyo

Upasuaji wa mchepuko, ambao huipitisha damu kando ya sehemu iliyoziba katika ateri za moyo, hutegemea uamuzi ambao wagonjwa huusikia mara chache: mshipa wa kupandikizwa utolewe wapi mwilini. Kwa mfanyakazi wa kiwandani katika Zone Industrielle ya Bujumbura anayepelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, uamuzi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa kipandikizo kikiziba baada ya miaka michache, hospitali iko mbali.

Kipandikizo cha kwanza karibu hakina mjadala. Ateri ya ndani ya kifua upande wa kushoto, inayoteremka kando ya kidari, huachwa kwenye chanzo chake, na ncha yake ya chini hushonewa ateri ya moyo inayoshuka mbele, ambayo hulisha sehemu kubwa ya ventrikali ya kushoto. Mpasuaji Vasilii Kolesov aliitumia ateri hiyo Leningrad mwaka 1964, ila mpasuaji mwingine, René Favaloro, alipotumia vena ya mguu Cleveland mwaka 1967 wengi walimfuata yeye, maana vena ni ndefu na hutolewa upesi. Wepesi huo una gharama: vena haikuumbwa kubeba shinikizo la ateri, kwa hiyo kuta zake hunenepa na kukusanya mafuta, na baada ya miaka 10 karibu nusu ya vipandikizo vyake huwa vimeziba au kudhoofika, ilhali ateri ya kifua, ambayo utando wake wa ndani hutoa oksidi ya naitriki inayoilegeza, hubaki wazi kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa.

Ugumu huanzia kwenye kipandikizo cha pili. Kutumia ateri zote mbili za kifua hupunguza damu inayofika kwenye kidari, na kwa mwenye kisukari jeraha huweza kuoza. Ateri ya kigasha, iliyo upande wa kidole gumba, huepusha hatari hiyo, lakini ina misuli mingi na hujikaza. Hufaa pale tu ateri ya moyo ilipoziba sana, la sivyo damu ya njia ya zamani hushindana nayo hadi ikasinyaa. Zaidi ya hayo, daktari akishapitisha katheta ya uchunguzi kwenye kifundo cha mkono, ateri ya mkono huo huenda imejeruhiwa, hivyo mpasuaji makini hutaka kuujua mkono uliotumika kabla hajapanga lolote. Kwa mgonjwa wa figo anayetazamia kusafishwa damu kwa mashine, ateri za vigasha hutunzwa kwa ajili ya usafishaji huo na hazipaswi kuguswa, na hapo vena ya mguu, pamoja na udhaifu wake wote, hurudi mezani.