Vitenzi vya Mwalimu na Majina ya Mtambo

Mwaka wa 2013 watoto wa darasa la kwanza nchini Kenya waliahidiwa vipakatalishi. Mitambo iliyoanza kufika shuleni mwaka wa 2016 ilikuwa vishikwambi vya wanafunzi, pamoja na vipakatalishi viwili vya walimu na projekta kwa kila shule. Kitu kilibadilika, na jina likabadilika nacho. Tangu hapo mjadala wa istilahi umeendelea kwa bidii miongoni mwa wataalamu. Lakini aghalabu husahauliwa yule ambaye istilahi hizo zinamhusu kuliko wote, yaani mwanagenzi wa ualimu anayetoka chuoni kwenda mazoezi ya kufundisha, chaki mkono mmoja na mtambo mkono wa pili. Makala haya yanadai kwamba istilahi za kompyuta zimepimwa mno kamusini na mikutanoni, na kidogo mno kinywani mwa mwanagenzi huyo.

Hali yake ni ngumu. Diploma ya ualimu wa shule za msingi, iliyochukua nafasi ya cheti cha P1 kuanzia mwaka wa 2021, hufundishwa kwa Kiingereza isipokuwa katika masomo ya lugha nyingine. Kwa upande wa pili, sera ya elimu inataka mtoto wa gredi tatu za kwanza afundishwe kwa lugha itumikayo katika eneo lake. Na mijini, ambako makabila yamechanganyika, mara nyingi kazi hiyo hukiangukia Kiswahili. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, nao umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Kwa hiyo mwanagenzi hujifunza mtambo kwa lugha moja na kutakiwa aufundishe kwa nyingine. Daraja la katikati hulijenga mwenyewe, tena mbele ya wanafunzi.

Je, Kiswahili kimemwandalia nini? Kwanza, majina. Kwa mtambo mmoja anayo kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kisarufi hayana ugomvi, kwani yote hukaa pamoja katika ngeli moja. Ugomvi wao ni wa asili na wa ladha, na baadhi ya waandishi wameufanya kuwa suala la heshima ya lugha. Kipakatalishi kina sifa ya kueleweka, maana mtoto anajua kupakata, naye amepakatwa. Katika kishikwambi husikika kushika, ingawa mkia wa neno wahitaji maelezo. Hata hivyo kilipata bahati ya matumizi: nchini Tanzania, baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vya makarani viligawiwa walimu, na neno likasambaa pamoja na kitu chenyewe.

Lakini somo haliendeshwi kwa majina. Mwanagenzi akishataja kishikwambi mara moja, dakika zote zinazobaki atahitaji vitenzi vya kuamuru: washa, gusa, telezesha, buruta, andika, futa, hifadhi, zima. Hapa ndipo husitasita, kisha akasema "kliki" na "sevu". Kosa hili lisihesabiwe kuwa uvivu wake. Vitenzi hivyo hakuvisikia chuoni, kwa sababu wenye kuunda istilahi wametumia nguvu nyingi kuvipa vitu majina kuliko kueleza matendo.

Ajabu ni kwamba vitenzi ndipo penye utajiri wa Kiswahili. Pakua ni kutoa chakula chunguni na kukitia katika sahani yako. Pakia ni kuweka mzigo chomboni ili uende kwingine. Mtoto aliyemwona mama akipakua wali, na utingo akipakia magunia garini, amekwisha kuelewa nusu ya somo. Maneno haya yana hatari ya kukaribiana kimatamshi, na mwalimu hana budi kuyaigiza kwa mikono. Kadhalika tendua: mtoto huenda hajapata kulisikia, lakini anajua funga na fungua, kunja na kunjua, na sarufi iliyomo kichwani mwake itamfungulia maana.

Si kila kitenzi kilichopo kinafaa popote. Bofya ni kubonyeza kwa kidole, kama mtu apimavyo embe kuona kama limeiva, na kilikubalika kwa kipanya cha kompyuta ya mezani. Mwanagenzi aliyefunzwa kwa kompyuta hiyo huja na "bofya" mbele ya kioo laini kisicho na kipanya wala kitufe. Hapo gusa ndilo neno la haki, na mtoto akilifuata "bofya" kwa uaminifu, atakikandamiza kioo bila faida.

Kuna watakaopinga kwamba maandishi ya kiooni ni ya Kiingereza, na kwamba watoto hujifunza kwa vidole kabla ya maneno. Hoja hii ina ukweli wake. Mtoto ataweza kucheza na mtambo bila istilahi yoyote. Lakini hataweza kuuliza kazi yake imekwenda wapi ilipopotea, wala kumweleza mwenziwe jinsi ya kuirejesha. Ujuzi usioulizika haustahili kuitwa umilisi. Maneno ya Kiingereza yanaweza kuonyeshwa yalivyo, na maana yake ikaelezwa kwa Kiswahili.

Lawama, basi, isiishie kwa vyuo vya ualimu. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu hazijakaa nyuma ya darasa la mwanagenzi kwa kiasi cha kutosha. Wasomi wake waende huko na daftari, wanukuu vitenzi anavyovitumia, vile anavyokwama navyo, na vile ambavyo watoto wenyewe huvibuni wanapoelekezana. Orodha itokanayo na madaftari hayo yaweza kuwa fupi kuliko zilizotangulia, nayo irudishwe chuoni kabla ya kundi linalofuata la wanagenzi kutumwa shuleni.